Hesabu ya Kubaki Hupigwa Mara Moja

Muulize dereva wa bodaboda wa Mwanjelwa kwa nini haachii chombo kinachomtesa, atakwambia mkataba unakaribia kuisha. Mwalimu wa Mafinga anasubiri mkopo wake ufike mwisho. Mchumaji chai wa Mufindi anasema hapa nyumba ni bure. Kondakta wa Uyole atajibu "kazi ni kazi, kaka," kisha atageuka kuita abiria. Nyuma ya wote zinapita methali zetu zilezile: mvumilivu hula mbivu, usiache mbachao kwa msala upitao.

Majibu hayo huchekwa sana, hasa na wahamasishaji wa mitandaoni ambao riziki yao ni kuwaambia wengine waache kazi. Wanayaita visingizio, na hapo wanakosea. Karibu kila jibu la namna hii lina hesabu ndani yake, na mara nyingi hesabu hiyo ilikuwa sahihi siku ilipopigwa. Kasoro ni kwamba haikurudiwa. Mambo yaliyoifanya kuwa sahihi yalibadilika, watoto wakakua, injini ikachoka, miezi ikatimia, lakini sentensi ikaendelea kusemwa vilevile kana kwamba ni ya jana.

Tuanze na mkataba wa bodaboda, kwa sababu namba zake ziko wazi. Tajiri ananunua pikipiki mpya, dereva anapeleka hesabu, yaani malipo ya kila siku, na siku zikitimia kadi ya pikipiki inabadilishwa jina. Tuseme dukani chombo ni shilingi 2,800,000, hesabu ni 10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 60. Jumla ni 3,600,000. Mafuta, oili, tairi, breki, mnyororo na sproketi ni juu ya dereva tangu siku ya kwanza.

Ifikapo wiki ya 40 dereva ameshalipa 2,400,000. Chombo kimepanda vilima vya Mbeya kila siku, mara nyingi kikiwa kimebeba mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja. Injini ya silinda moja inayopozwa na upepo haipendi mlima, mzigo na mwendo mdogo kwa pamoja: oili inachemka na kuwa nyepesi, ringi zinaanza kupitisha moshi, klachi inateleza. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa siku, dereva anayemwaga oili mara moja kwa mwezi anaiendesha zaidi ya kilomita 2,500 kwa oili moja, wakati mafundi wengi watamwambia asipite sana 1,000 au 1,500. Anaokoa bei ya chupa chache na kununua ringi na pistoni mapema. Sasa amechoka, chombo kimechoka, na ukimuuliza kwa nini anaendelea anasema: "Nimeshatoa milioni mbili na laki nne, niziache?"

Hiyo siyo sababu. Ile 2,400,000 imekwenda, abaki au aondoke. Mwaka 1985 watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walionyesha kwa majaribio jinsi watu wanavyoendelea na jambo kwa sababu tu wameshalilipia, hata pale ambapo kuendelea hakuna faida. Lakini tusimalizie hapo, kama wanavyomalizia wengi, kwa kumwambia dereva atupe chombo. Tupige hesabu ya mbele.

Akiacha mkataba leo, hatakaa nyumbani. Atachukua pikipiki ya hesabu ya kawaida, isiyo ya mkataba, tuseme kwa 7,000 kwa siku, ambako matengenezo makubwa ni ya mwenye mali. Kwa hiyo gharama halisi ya kubaki siyo 10,000. Ni tofauti ya 3,000 kwa siku, kwa siku 120 zilizobaki: shilingi 360,000. Ongeza matengenezo ambayo hayatakwepeka kabla mkataba haujaisha, ringi, pistoni, klachi, seti ya mnyororo, tuseme 350,000 pamoja na ufundi. Jumla 710,000. Kama chombo siku hiyo kitauzika kwa 900,000, kubaki kuna faida ndogo ya 190,000. Dereva alikuwa sahihi kubaki, ila kwa sababu tofauti na ile aliyoitaja.

Turudi kwenye wiki ya 5, wakati chombo bado kinang'aa na hakuna anayelalamika. Zimebaki siku 330. Tofauti ya 3,000 inafika 990,000. Ukiongeza matengenezo yaleyale unapata 1,340,000, kwa kitu kitakachouzika 900,000. Mkataba ulikuwa mbaya mwanzoni, siku ambayo hakuna aliyefikiria kuuacha, na ukawa mzuri mwishoni, siku ambazo kila mtu anafikiria kuuacha. Uchovu na hesabu havitembei pamoja.

Kuna jambo moja linaloweza kuivuruga hesabu hii yote: kile kipengele kinachosema dereva akikosa hesabu siku kadhaa mfululizo chombo kinarudi kwa tajiri na alicholipa hakirudi. Homa ya wiki mbili wiki ya 55 inaweza kufuta mwaka mzima. Kabla ya kusaini, kipengele hicho ndicho cha kugombania, zaidi ya bei. Iandikwe kwamba siku za ugonjwa au za chombo kukaa gereji zinasogezwa mwishoni, kwamba kila malipo yanasainiwa daftarini au yanatumwa kwa simu ili yabaki na ujumbe, na kwamba kadi itahamishwa jina ndani ya siku zinazotajwa. Mkataba wa mdomo hauna hata kimoja kati ya hivi, na ndiyo maana kwenye mikataba ya mdomo ndiko husikika sana "tunamwachia Mungu".

Kwa nini basi hesabu hairudiwi? Jibu moja lina zaidi ya miaka 60. Mwaka 1959 Leon Festinger na James Carlsmith, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, waliwapa wanafunzi kazi iliyobuniwa kuchosha: nusu saa ya kupanga vibiringo kwenye sinia, kuvitoa na kuvipanga tena, halafu nusu saa ya kuzungusha vigingi 48, kimoja baada ya kingine, robo mzunguko kila mara. Kisha baadhi yao wakaombwa wamwambie mtu anayesubiri zamu kwamba kazi ile inafurahisha. Wengine walilipwa dola 1 kwa uongo huo, wengine dola 20. Baadaye kila mmoja aliulizwa aliionaje kazi, kwa kipimo cha kuanzia -5 hadi +5. Wasioombwa kusema lolote walitoa wastani wa -0.45. Waliolipwa dola 20 walitoa -0.05. Waliolipwa dola 1 walitoa +1.35.

Kwa haraka mtu angedhani aliyelipwa zaidi ndiye atakayesifu zaidi. Lakini aliyepewa dola 20 alikuwa na sababu mkononi: nilidanganya kwa hela. Aliyepewa dola 1 hakuwa na sababu ya kutosha, basi akili yake ikaitafuta mahali pengine, ikaipata kwenye kazi yenyewe: pengine haikuwa mbaya kiasi hicho. Malipo yakiwa madogo, sifa huongezeka kufidia pengo.

Matokeo haya yana masharti ambayo wanaoyataja juujuu huyasahau. Wale wanafunzi wangeweza kukataa. Mama anayechuma chai ili watoto wale usiku huo hahitaji kuipenda chai. Njaa ni sababu tosha. Ndiyo maana, ukisikiliza vizuri, mwenye mlango uliofungwa kabisa ana jibu fupi: sina jinsi. Hadithi ndefu, ile yenye wito, uzalendo, heshima ya familia na mipango ya Mungu kwa pamoja, mara nyingi ni ya mtu ambaye mlango wake haujafungwa. Urefu wa maelezo ni kipimo kibovu cha mateso, lakini ni kipimo kizuri cha nafasi ambayo mtu anayo na hajaitumia.

Mwenye ajira ya kudumu na mkopo wa mshahara ni mfano mzuri. "Mkopo ukiisha tu, naondoka." Sentensi ina tarehe ndani yake, na kwa hiyo inasikika kama mpango. Tuseme alikopa 10,000,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio, kwa miezi 72. Rejesho ni kama 217,000 kwa mwezi. Baada ya miezi 24 amelipa takribani 5,200,000. Deni limepungua kwa kiasi gani? Kwa karibu 2,350,000 tu, kwa sababu miaka ya mwanzo rejesho linameza riba kwanza. Anadaiwa bado kama 7,650,000.

Hapo ndipo simu inapopigwa kumwambia ana nafasi ya kuongezewa. Akikubali kurudishwa kwenye 10,000,000, atapata mkononi zile 2,350,000 kasoro ada na bima, na saa inaanza upya: miezi 72. Alikuwa na miezi 48 mbele yake, sasa ana 72. Mtu aliyejiongezea mkopo mara mbili kwa namna hii anaweza kutumikia miaka kumi mkopo wa miaka sita, na kila mwaka sentensi yake ikawa ya kweli: kweli anasubiri mkopo uishe. Ila yeye ndiye anayeusogeza. Sheria ya kubakiziwa theluthi moja ya mshahara inamlinda mtumishi asikatwe hadi senti ya mwisho, lakini kwa wengi imegeuka kuwa lengo. Ukisikia "theluthi yangu bado haijafika" ujue kinachopangwa ni mkopo mwingine.

Madereva wa malori ya Tunduma nitawapitia haraka, kwani hali yao inafanana. Posho ya safari ndiyo inayolisha nyumba na mshahara ni kama nyongeza, hivyo gari likikaa gereji mwezi mzima kipato kinaporomoka. Lakini hesabu ya "kazi hii inalipa" hupigwa kwa mwezi wa safari nyingi. Ipigwe kwa mwaka, pamoja na wiki za foleni mpakani na za kusubiri mzigo, namba inabadilika sana.

Chai ni ngumu zaidi, kwa sababu kinachomfunga mchumaji hakiko kwenye bahasha ya mshahara. Huchumwa majani mawili na chipukizi, na mche uleule hurudiwa kila baada ya siku 7 hadi 14 kutegemea mvua na baridi. Malipo yakienda kwa kilo, mapato yanafuata mvua: Mufindi na Rungwe majani hujaa msimu wa mvua, Desemba hadi Mei, na hudumaa kwenye baridi ya Juni hadi Agosti. Asubuhi jani lina umande, na mizani inakatwa kilo za maji. Kikapu kikishindiliwa ili kibebe zaidi, majani ya katikati yanapata joto na kuwa mekundu kabla ya kufika kiwandani, na karani anayakataa. Kila mchumaji anayajua haya. Bado anasema: nyumba bure.

Nayo ni hesabu nzuri kwa mama mwenye watoto wadogo watatu. Chumba ambacho Mafinga mjini angekilipia kodi, zahanati ya kampuni, shule ya msingi jirani, kuni, kipande cha kulima mahindi: ukivigeuza kuwa fedha vinaweza kukaribia nusu nyingine ya mshahara. Anayemshauri aache bila kuvihesabu hivyo anamshauri vibaya.

Lakini angalia kinachotokea miaka 15 baadaye. Watoto wako sekondari au wameshaondoka, kwa hiyo shule ya jirani na zahanati vimepungua thamani kwake. Kiuno na viganja vimechoka, kilo zimeshuka. Mashamba makubwa yameingiza mikasi na mashine za kuchumia, mikono inahitajika michache. Na nyumba ya kampuni hairithiwi: kila mwaka wa "bure" umekuwa pia mwaka wa kutojenga kwao Makete au Ludewa. Gharama ya nyumba ya bure hulipwa mara moja, mwishoni, yote kwa pamoja. Mama aliyeligundua hilo mapema hahitaji kuacha kazi, anahitaji tofali. Mifuko michache ya saruji kila msimu wa majani mengi, fedha ikiwepo, inambadilishia msimamo wake mbele ya mwajiri kuliko maneno yoyote ya kujitambua.

Mkulima mdogo wa Tukuyu anayeng'ang'ania chai wakati majirani wameng'oa na kupanda parachichi huonekana mkaidi. Sababu yake, "chai inanipa hela kila mwezi", ni imara kuliko inavyosikika. Mparachichi uliobebeshwa huanza kuzaa vya maana mwaka wa 3 au wa 4, na ada ya shule haisubiri. Anayeng'oa shamba lote kwa mkupuo ndiye aliyekosea hesabu. Anayeng'oa robo, akasubiri izae, kisha akaendelea, hana cha kujieleza kwa mtu.

Kuna sababu nyingine ambazo mfanyakazi hakuzitunga mwenyewe, amepewa. Msichana wa Iringa anayefanya kazi za ndani huambiwa na mwenye nyumba, "Wewe hapa ni kama mwanangu." Baada ya muda anaisema mwenyewe: mama ananichukulia kama mtoto wake. Upendo huo unaweza kuwa wa kweli kabisa. Ila mtoto wa nyumba hadai mshahara wa miezi minne, haulizi likizo, na hakatwi bei ya kikombe alichovunja. Sababu ya kubaki ikitoka mdomoni mwa anayefaidika na kubaki kwako, ichunguze mara mbili.

Sasa upande wa sheria za Tanzania na mifuko ya hifadhi ya jamii, ambako sababu nyingi huwa na tarehe halisi na bado watu huziacha zipite. "Nasubiri pensheni" ni sentensi yenye namba: miezi 180 ya michango, yaani miaka 15, ndiyo inayompa mwanachama haki ya pensheni ya kila mwezi akifikia umri, 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Mtu mwenye miezi 168 ana sababu nzito ya kuvumilia mwaka mmoja. Mwenye miezi 30 hana; pensheni kwake ni miaka 12 na nusu mbele, na michango yake inaweza kuendelea kwa mwajiri mwingine. Mwenye miezi 190 ameshavuka mstari: akiondoka, haki hiyo haimpotei, ingawa kiasi kitategemea miezi na mshahara. Anayeendelea kusema "nasubiri pensheni" kwenye mwezi wa 190 anazungumzia kitu kingine, pengine kiasi, pengine woga. Na mjadala mrefu wa kikotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, tangu malipo ya mkupuo yalipowekwa asilimia 33 mwaka 2022 (yakaongezwa mwaka 2024), umewafanya wengi waijue asilimia na wasiijue idadi ya miezi yao wenyewe. Taarifa ya michango inapatikana kwenye ofisi ya mfuko au kwa simu. Wengine wamegundua miezi ambayo mwajiri hakuwasilisha, na kasoro hiyo ni rahisi kuifuatilia ukiwa bado kazini.

Namna ya kuondoka nayo ina bei. Fao la kukosa ajira halilipwi kwa aliyeandika mwenyewe barua ya kuacha kazi kwa hiari. Kiinua mgongo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia hadi miaka 10, ni cha anayeachishwa, si cha anayeaga. Kwa hiyo anayekasirika asubuhi na kuandika barua mchana ametoa zawadi kwa mwajiri. Kama ameshindwa kubaki kwa sababu mwajiri ameyafanya mazingira yasivumilike, hilo kisheria linaweza kuhesabiwa kama ameachishwa, na malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mishahara isiyolipwa, yana siku 60. Wengi hufika miezi mitano baadaye wakiwa na ushahidi mzuri na muda uliokwisha.

Vitu vingine havipotei hata kwa anayeacha mwenyewe: mshahara wa siku alizofanya, siku za likizo zilizolimbikizwa na cheti cha utumishi. Notisi ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi na siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au wiki. Asipoitoa, mwajiri anaweza kukata. Aliyeajiriwa mbali na kituo cha kazi aulizie pia usafiri wa kurudi alikoajiriwa, jambo linalosahaulika kuliko yote kwenye mashamba yanayochukua watu wilaya za mbali.

Mchumaji aliyeamua kweli kuondoka Mufindi asiandike barua Julai. Kilo ziko chini na akiba imeliwa na baridi. Aandike msimu wa majani ukikaribia kwisha, Aprili hivi, akiwa na stakabadhi za mizani za miezi ya juu, taarifa ya michango mkononi, na chumba kwao kilichofika angalau kwenye lenta.